Mama wa Dakika Kumi na Moja

Nimepikia shule ya bweni miaka ishirini na miwili. Watoto mia nne, asubuhi, mchana na jioni, na sikumbuki hata mmoja aliyenirudishia sahani yenye chakula akaondoka anacheka. Waliojidai hawapendi maharage niliwatazama tu, upawa mkononi, wakayala. Kwa hiyo nilipostaafu, kaka yangu akaniomba nikae kwake nimwangalie mwanawe, nilicheka moyoni. Mtoto mmoja, wa mwaka na nusu, ambaye ungeweza kumtia ndani ya sufuria yangu moja na kifuniko kikakaa sawasawa. Nikajiambia ninakwenda kupumzika, kumbe ninakwenda kushindwa na kijiko.

Lakini yangu mimi si makubwa. Ninayetaka kumsimulia ni mke wa kaka, wifi yangu, ambaye kazini wanamwita Asali kwa ajili ya sauti yake.

Asali ni mhudumu wa simu katika kampuni inayouza intaneti. Anakaa ghorofa ya nne, kwenye meza iliyozungushiwa mbao pande tatu, hedifoni kichwani, anapokea simu za watu ambao intaneti yao imekatika. Mbele yake imebandikwa karatasi yenye maneno ya kusema. Mteja akifoka, ipo sentensi yake. Akilia, ipo ya kwake. Akikutukania wazazi, unamjibu, "Ninaelewa usumbufu ulioupata, naomba uniruhusu nikusaidie." Haruhusiwi kuongeza neno wala kupunguza, maana kuna msimamizi anayesikiliza bila kujulikana, na akikusikia umepotoka anakukata alama. Wifi alinieleza mambo hayo kwa kujivuna kabisa. Miaka sita hajakatwa alama hata moja. Nilimuuliza kama kasuku wa ofisini nao hupewa likizo, akacheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la karatasini.

Saa kumi na mbili jioni anaingia, anavua viatu mlangoni, anajitupa kwenye kochi. Ukimsalimia anaitikia. Ukimuuliza habari za kazi, nzuri. Baada ya hapo usitegemee kitu. Mtoto anamjia na mdoli, anamwekea mapajani, anasimama anasubiri. Yeye anampapasa kichwa kwa mkono mmoja, wa pili unatafuta simu. Wiki ya kwanza nilimhurumia, nikasema maskini, mtu kaongea mchana kutwa, maneno yamemwishia. Wiki ya pili nikagundua kwamba kwenye ile simu anacheka, tena kwa sauti, na watu asiowajua.

Mtoto tulimwita Kibibi, kwa jinsi alivyokuwa akikunja uso kama mtu aliyeyaona mengi. Na mengi aliyaona kweli, ila yote kwenye kioo. Tableti ililetwa na baba yake, kaka yangu, fundi majokofu, mtu wa maana katika kazi yake na bwege katika mambo mengine yote. Aliinunua ikiwa imevalishwa mpira wa njano wenye masikio mawili ya sungura. Wageni wakija, kabla hawajakaa vizuri, anamwita mwanawe aje kuonyeshwa.

"Tazama," anawaambia. "Hakuna aliyemfundisha. Anafungua mwenyewe, anatafuta nyimbo mwenyewe. Huyu injinia huyu."

Wageni wanatikisa vichwa kwa mshangao, kwa kuwa soda yake wameshaipokea. Mimi nilikuwa ninajibana nisiseme. Kitu kimetengenezwa na watu wazima, wakakesha miaka, ili hata asiyejua kusoma wala kuongea akikigusa kifunguke. Kikifunguka, sifa anapewa mtoto. Kile kioo ungekinyunyizia punje za mahindi, kuku wa jirani naye angeitwa profesa.

Basi ilianza na wimbo mmoja wakati wa kula. Kibibi alikuwa na tabia ya kukimbia kuizunguka meza, nami magoti yangu si ya kukimbizana. Kaka akasema wekeni tableti mbele yake atatulia. Akatulia kweli. Alitulia kupita kiasi. Alikuwa anakodoa macho, mdomo unabaki wazi wenyewe, nami ninatumbukiza kijiko kama mtu anayepanga mafaili kwenye kabati. Sidhani alijua kama ni kiazi au ni sabuni. Baada ya miezi michache, bila wimbo mdomo haufunguki. Baadaye kidogo, hata nyimbo zikamchosha, ukawa unamwimbia paka na bata na basi lenye magurudumu, na yeye meno ameyauma.

Hapo ndipo wifi yangu akabuni jambo ambalo nadhani ni watu wa nyumba ile tu wangeweza kulibuni. Alikuwa amesoma kwenye simu yake kwamba mtoto hula vizuri akisikia sauti ya mama. Mtu mwingine akisoma hivyo angekwenda kukaa na mtoto. Yeye aliamua kujirekodi.

Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Kwanza aliandika. Mwanamke anaandika maneno ya kumlishia mwanawe, anafuta, anaandika tena, ananiuliza kama "tafuna polepole" ni bora kuliko "tafuna vizuri." Kisha akavaa blauzi ya kijani yenye vifungo vyeupe, akapaka mafuta mdomoni, akaiegemeza tableti kwenye kopo la sukari, akakaa mbele yake na bakuli tupu. Mimi niliamriwa nizime jiko nisitoe sauti. Kibibi mwenyewe alikuwa chumbani amelala.

"Wifi," nikamwambia, "si umwamshe tu umlishe? Upo, una nafasi, leo hamna kazi."

"Hii ni ya kudumu, wifi," akanijibu kwa upole ule ule wa wateja. "Nikimlisha leo, itakuwa leo tu."

Nikazima jiko. Akaanza kuichekea tableti. "Haya mama, tumekaa? Fungua mdomo. Aaa. Umefungua? Hodari. Tafuna, tafuna, tafuna. Meza." Kijiko kitupu kinakwenda na kurudi. Katikati kaka yangu akapita ukumbini, hana habari ya kinachoendelea, akauliza, "Mama Kibibi, umeona funguo zangu?" Wifi, bila kugeuza kichwa, akajibu, "Juu ya friji," akaendelea. Mara kikohozi kikambana, akakohoa mara mbili, akasema, "Samahani kwa usumbufu." Dakika kumi na moja zilipotimia akanyoosha mkono akazima. Nilimwambia arudie, maana funguo na kikohozi vimeingia humo humo. Akasema ni sawa, mtoto hatajua.

Na mtoto alikula. Siwezi kukataa, alikula hadi akalamba kijiko. Kaka alipiga makofi. Wanawake wenzake wa ghorofa ya nne waliposikia wakamwomba awafundishe, naye akawafundisha, akawa mtaalamu wa malezi kwa wiki mbili. Kutoka siku hiyo, mara tatu kwa siku, nilikuwa ninaisimamisha tableti kwenye kopo la sukari, ninambonyeza wifi yangu, naye anaanza. Tumekaa? Fungua mdomo. Mimi nilibaki mkono tu.

Nisijitakase lakini. Midomo niliibinua, lakini na raha niliipata. Kulisha kulikokuwa kunachukua saa nzima kulikwisha kwa dakika kumi na moja, nami ninakwenda kunyoosha mgongo. Miezi tisa nilinyoosha mgongo.

Katika miezi hiyo Kibibi aliota ulimi, akaanza kuunga maneno matatu manne. Mimi niliitwa "Sangazi." Baba yake aliitwa "Baba." Wifi yangu akirudi jioni, mtoto alikuwa anamwangalia kidogo, anaendelea na yake, kama unavyomwangalia mtu wa kusoma mita. Sikumwonya. Nilijua itakuja kumpasukia mwenyewe, na mtu mbaya ndani yangu alikuwa anaisubiri siku hiyo.

Ilikuja mchana mmoja wa katikati ya wiki. Mitambo ya ofisini kwao iliharibika, wakaambiwa warudi nyumbani. Alinikuta nimeshamkalisha Kibibi, tableti inaendelea, nimeshika kijiko. Akanawa mikono, akasema, "Leta, wifi, leo nimlishe mimi." Akavuta kiti akakaa. Alivyokaa, bega lake likaziba kioo.

Kibibi akainamia kushoto. Bega bado lipo. Akainamia kulia. Kisha akamweka mama yake kiganja shavuni, akamsukuma, taratibu kabisa, bila ugomvi wowote.

"Toka," akasema. "Nataka mama."

Wifi akacheka. "Mama ni mimi. Nipo hapa. Niangalie."

Mtoto akamwangalia. Akaiangalia tableti, ambako kile kikohozi kilikuwa ndiyo kinaanza. Akaichukua kwa mikono miwili, akaigeuzia upande wake, akakaa nayo akiwa ametupa mgongo. "Samahani kwa usumbufu," ikasema tableti.

Nilikuwa na maneno kumi ya kumwambia wifi yangu, yote makali, na yote nilikuwa nimeyanoa siku nyingi. Alisimama akaenda jikoni, akaanza kuosha sahani zilizokuwa zimeshaoshwa. Nikayabakiza. Jioni yake akaichukua tableti mezani, akaifuta ile video mbele yangu, akaifuta tena kule inakobaki baada ya kufutwa, maana mambo hayo anayajua, kisha akampa kaka aende nayo ikae karakana. Akapiga simu kazini kuomba siku tatu.

"Atanijua tu," akaniambia. "Akisikia njaa atanijua."

Nilimwangalia hivi nikaona huyu anadhani njaa ni kituo cha huduma kwa wateja, ukisubiri kwenye laini utahudumiwa.

Siku ya kwanza Kibibi hakula. Asubuhi alikaa kwenye kiti chake, akaliangalia kopo la sukari, halina kitu, akauliza, "Mama wapi?" Wifi akasema, "Mama huyu." Mtoto akauliza tena. Ilipofika mara ya sita wifi alikuwa anajibu kwa sauti ya kazini. Tuliambulia maji na maziwa nusu kikombe.

Siku ya pili nikasema sasa mpishi aingie uwanjani. Nikaponda viazi nikavipa umbo la nyumba na mlango wake. Nikakaanga yai jembamba. Nikapika supu ambayo mwalimu mkuu wangu alikuwa anatoroka vikao kuifuata. Nikashika upawa nikamtazama kwa lile jicho langu la miaka ishirini na miwili. Kibibi naye akanitazama. Akaniambia, "Sangazi, washa mama." Nikaweka upawa chini.

Kaka yangu muda wote huo alikuwa anaingia na kutoka, mikono ina mafuta, anauliza kama amekula, akiambiwa bado anasema, "Mpeni tu hiyo kitu, jamani, kwani kuna ubaya gani." Nikamuuliza injinia wake anaendeleaje. Akatoka.

Siku ya tatu asubuhi mtoto hakutaka kukaa kwenye kiti. Alilala kwenye mkeka, midomo imekauka, mdoli kifuani, hachezi wala halii. Tukampeleka zahanati. Nesi mmoja mnene asiye na mchezo alimpima joto, akamfinya ngozi ya tumbo kuona inarudi haraka kiasi gani, akamwangalia ulimi. Hana homa. Hana ugonjwa. Akatuuliza mara ya mwisho alikula vizuri lini na alilishwa na nani.

"Na mimi," akasema wifi, kisha akaangalia chini.

"Basi mlishe tena hivyo hivyo ulivyomlisha," nesi akasema. "Akifika kesho asubuhi hajala, mrudisheni nimlaze, tumtie dripu."

Tukambeba tukarudi. Nyumbani tulimkuta kaka ameshaitoa tableti karakana, ameipangusa hadi masikio ya sungura yanang'aa, ameiweka kwenye kopo la sukari. Anatafuta video. Anatafuta na kutafuta. "Iko wapi?" akauliza. Wifi akamwambia ameifuta. Kaka akamtazama mkewe, akanitazama mimi. Akajaribu wimbo wa bata. Kibibi akafumba macho.

Wifi alikaa mezani, kichwa mikononi. Nilifikiri analia, nami nilikuwa tayari kumwambia kwamba machozi hayana wanga. Lakini alipoinua uso hakuwa analia. Alikuwa na ile sura ya mtu aliyepata simu ngumu.

"Wifi," akasema. "Mimi niliirekodi mara moja, sikuitazama tena. Wewe umeisikia kila siku. Nilikuwa nasemaje?"

Hesabu ya kusikia kwangu, mara tatu kwa siku kwa miezi tisa, hata sitaki kuifanya. Ile video niliijua kuliko ninavyojua jina la baba wa mama yangu. Alichukua kalamu na karatasi. Nikavuta kiti, nikakaa, na nakiri kwamba nilijisikia mkubwa. Mwanamke huyu, Asali, miaka sita bila kukatwa alama, ananiomba mimi mpishi nimfundishe jinsi ya kuwa yeye.

"Unaanza kwa kusafisha koo," nikamwambia. "Halafu, 'Haya mama, tumekaa?' Halafu unasubiri. Hesabu hadi tatu."

"Nilikuwa nasubiri?"

"Ulikuwa unasubiri kama vile unajali. 'Fungua mdomo. Aaa.' Usiivute sana hiyo. 'Umefungua? Hodari.' Tafuna zipo tatu. Unatabasamu kwenye ya tatu, siyo ya kwanza."

Akaandika, akaweka alama ndogo juu ya tafuna ya tatu. Nikamtajia yote, moja baada ya moja, kijiko kwa kijiko. Alikuwa ananiuliza maswali ya mtu wa kazi. Mkono gani ulishika bakuli. Nilikuwa ninaangalia wapi. Nikamwambia ulikuwa unaangalia juu kidogo ya kioo, kwenye kile kijicho cha kamera, kwa hiyo mtoto usimtazame machoni, mtazame kwenye paji. Akasita kidogo, kisha akaliandika na hilo.

"Na funguo?"

"Funguo zipo baada ya kijiko cha kumi. Lazima."

Tukamwita kaka, tukamfundisha sentensi yake moja. Fundi mzima, na ndevu zake, akasimama ukumbini akarudia mara nne, "Mama Kibibi, umeona funguo zangu?" na kila mara anaipa uchungu ambao haukuwamo. Nikamwambia aiseme kama mtu anayechelewa, siyo kama anayefiwa.

"Kikohozi kinakuja hapo hapo," nikamwambia wifi. "Mara mbili, na samahani yake. Usikiruke, huwa anakingoja. Mwisho unasema, 'Tumemaliza, hodari wa mama.' Unatulia. Unanyoosha mkono unazima."

"Na yeye anafanyaje mwisho?"

"Huwa anaongea na wewe kidogo."

"Namjibu nini?"

"Hujibu. Video inajibu wapi?"

Aliandika: sijibu. Akaenda kuitafuta blauzi ya kijani, akaikuta chini ya kabati, imeshakuwa ya kufutia vumbi, kifungo kimoja hakipo. Akaipiga pasi akaivaa. Akapaka mafuta mdomoni. Mimi nikapasha supu na viazi, nikambeba Kibibi kutoka kwenye mkeka, mwepesi, kichwa kinaegemea shingoni mwangu, nikamkalisha kwenye kiti. Wifi akakaa upande wa pili wa meza, nyuma ya kopo la sukari. Mgongo umenyooka. Karatasi mapajani.

Akasafisha koo. "Haya mama, tumekaa?"

Kibibi akainua kichwa.

Moja, mbili, tatu. "Fungua mdomo. Aaa."

Kilipofunguka kile kimdomo kilichopasuka pasuka, nusura nidondoshe kijiko. Nikatia supu. Akameza. "Umefungua? Hodari. Tafuna, tafuna, tafuna." Tabasamu kwenye ya tatu, pale pale. Nikatia kingine, na kingine. Sauti ilikuwa ile ile, haikupanda wala kushuka, na macho kwenye paji. Kama msimamizi wake angekuwepo angempa cheti. Ukumbini kaka akauliza funguo, akawahi kijiko kimoja, lakini mtoto hakujali. "Juu ya friji," akasema wifi. Akakohoa mara mbili. Kibibi akacheka. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba kikohozi kile kinamchekesha, kwa sababu wakati wake mimi nilikuwa ninaangalia bakuli.

Lile cheko ndilo lililomponza wifi. Macho yakateremka kutoka kwenye paji yakakutana na ya mwanawe. "Mwanangu," akasema, "nisamehe, mama yangu, mimi…"

Mdomo ukafungwa hapo hapo. Kijiko changu kikabaki kinagonga meno. Kibibi alimtazama yule mwanamke wa kijani kwa mashaka, akaanza kugeuka kwenye kiti kuutafuta mkeka.

"Samahani kwa usumbufu," nikanong'ona. "Sema samahani kwa usumbufu. Macho juu."

Akavuta pumzi. Akapandisha macho. "Samahani kwa usumbufu," akasema, laini kabisa, kama anavyowaambia watu elfu ambao hajawahi kuwaona. Mtoto akasubiri kidogo. Kisha akarudi, akafungua mdomo.

Alimaliza bakuli. Alimaliza viazi, akala na yai la jana. Rangi ilikuwa inamrudi usoni unaiona. Wifi akafika mstari wa mwisho, "Tumemaliza, hodari wa mama," akatulia kama nilivyomfundisha, macho kwenye paji, jasho limemtoka juu ya mdomo.

Kibibi akajifuta kwa mkono. Akauegemea ukingo wa meza, akamsogelea uso kwa uso, karibu mno, kama alivyokuwa akiisogelea tableti kila siku wakati mimi nimeshainuka kwenda kunyoosha mgongo.

"Nimeshiba, mama," akamwambia. "Mama, kesho uje tena."

 Miezi mingapi wifi yangu hajaitwa neno hilo, tena kwa mapenzi vile, mimi ninayeshinda na mtoto ndiye ninayejua. Mdomo wake ukaanza kufunguka, akageuza macho kunitazama mimi, mtu mzima anaomba ruhusa kwa mpishi. Nikatikisa kichwa. Akafunga mdomo, akanyoosha mkono hewani kuzima, na mtoto akateremka kwenye kiti akaenda zake kucheza.